Maji yale yale, macho yale yale, mwendo tofauti: umakini hufanya nini ndani ya ubongo?

MzawaWaWete (mleta uzi)

Assalaamu alaykum, ndugu zangu wa jukwaa hili. Ninaleta jambo lililonikaa kichwani tangu safari yangu ya mwisho ya kwenda Pemba, na ninaomba tulijadili kwa utulivu.

Tuliondoka bandari ya Malindi, Unguja, asubuhi, mimi na binamu yangu, tukasimama ubavuni mwa boti upande usiopigwa na jua. Mimi nilikuwa nimeyakaza macho kwenye nati moja ya chuma cha kuegemea, na nyuma ya nati hiyo povu la bahari lilikuwa likikimbilia tezi, yaani nyuma ya chombo, bila kukatika. Binamu yangu alikuwa amesimama hapo hapo na kutazama hapo hapo, ila kichwani alikuwa akipiga hesabu ya mabati, mbao na misumari ya nyumba anayoijenga Wete. Baada ya kitambo, pengine dakika mbili, niliinamisha macho nikatazama sakafu ya sitaha, nikaiona inateleza kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Haikwenda popote, bila shaka, na mabegi yaliyokuwa juu yake hayakusogea hata shubiri, lakini sakafu yenyewe ilitambaa kwa sekunde kadhaa mpaka ikatulia. Nikamwambia binamu naye atazame chini. Akatazama, kisha akaniuliza kwani nimeona nini.

Kiinimacho hiki kina historia ndefu. Mwaka 1834 Robert Addams alikiandika baada ya kuyatazama maporomoko ya maji ya Foyers huko Scotland: alipoyaondoa macho kwenye maji yaliyokuwa yakishuka na kuyaelekeza kwenye miamba ya pembeni, aliiona miamba ikipanda. Maelezo tuliyozoea kupewa ni kwamba ubongo una seli za neva ambazo kila moja hupendelea mwendo wa upande fulani. Zile za upande wa tezi zikifanyishwa kazi kwa muda mrefu hupunguza ukali wa mwitikio wake, kwa hiyo ukitazama kitu kilichotulia, seli za upande wa omo ndizo zinazoshinda katika mizani, nawe unaona mwendo wa kinyume.

Maelezo hayo ni mazuri, lakini hayamhusu binamu yangu. Maji yaliyoingia machoni mwangu ndiyo yaliyoingia machoni mwake. Ikiwa uchovu wa seli unatokana na kile kinachoingia jichoni tu, basi sakafu ilipaswa kututelezea sote wawili. Tofauti pekee ninayoijua mimi ni kwamba akili yangu ilikuwa kwenye maji, na yake ilikuwa juu ya paa la nyumba. Je, kuzingatia kitu kunaweza kushuka mpaka kwenye seli zinazopima mwendo na kuzibadilisha kazi yake, au umakini huja mwishoni tu, ubongo ukiwa umeshamaliza kuona?

VespaNyekundu

Waalaykum salaam. Mimi sioni fumbo lolote hapo, ndugu yangu. Mtu anayepiga hesabu macho hayatulii. Mara anatazama juu, mara anatazama vidole vyake. Binamu yako hakuyatazama maji kama ulivyoyatazama wewe, basi. Kwa nini tuupandishe ubongo kizimbani wakati mshitakiwa ni jicho?

MzawaWaWete

Pingamizi lako ni la haki, na kwa tukio la kwenye boti sina jibu, kwa sababu sikuwa nikiyatazama macho yake. Isitoshe, maji yanayokimbia huyavuta macho yafuatane nayo, kisha yakaruka kurudi, kisha yakafuatana nayo tena, na ndiyo maana mimi nilijishikiza kwenye nati. Yule ambaye macho yake yanakimbia pamoja na povu hupunguza mwendo unaopita juu ya retina yake, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha.

Lakini hoja hiyo walikwishaifikiria watu kabla yetu. Katika karne ya 19, Helmholtz, mwanasayansi wa Ujerumani, alionesha kwamba mtu anaweza kulikaza jicho kwenye nukta moja huku akiielekeza akili pembeni, na akakiona cha pembeni vizuri zaidi bila jicho kusogea. Tangu hapo, katika majaribio ya aina hii, jambo la kwanza ni kulifunga jicho mahali pamoja, na mara nyingi kuna kifaa kinacholifuatilia ili asitokee mtu wa kudanganya. Mwaka 1990 Chaudhuri alifanya karibu kile kile kilichotutokea sisi kwenye boti. Watazamaji walikaza macho katikati ya picha yenye mandhari iliyokuwa ikitembea, na pale katikati paliwekwa herufi na tarakimu zinazopishana upesi. Walipotakiwa kuzishughulikia herufi hizo, kiinimacho kilichofuata kilikuwa kifupi zaidi kuliko walipoziacha zipite bila kuzijali. Jicho lilikuwa limekazwa vile vile na mandhari ilikuwa ikitembea vile vile. Kilichobadilika ni kazi aliyopewa mwenye jicho. Naomba muangalie kwamba kiinimacho kilipungua, hakikufutika.

BiMkanjuni

Assalaamu alaykum. Mimi ni muuguzi, nipo Chake Chake, na mada hii imenigusa kwa upande mwingine. Naomba kufahamishwa: hizo seli zinazopima mwendo zina mahali pake maalumu, au zimetawanyika kila pahali? Ninauliza kwa sababu tunapokea wagonjwa wa kiharusi ambao jamaa zao husema, "Anaona, lakini haoni," na mtu hajui aandike nini kwenye faili.

MaalimBayolojia

Waalaykum salaam, Bi Mkanjuni. Nitajibu mimi kabla mleta uzi hajarudi, kwa kuwa sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote ninapoisomesha skuli, ingawa haimo kwenye mtihani na wanafunzi wanajua kwamba haimo.

Habari kutoka jichoni hufikia kwanza sehemu ya nyuma kabisa ya gamba la ubongo, kwenye kisogo, mahali panapoitwa V1. Humo zimo seli zinazotambua mwendo, lakini kila moja huchungulia kipande kidogo mno cha ulimwengu, kama mtu anayetazama barabara kupitia tundu la ufunguo. Mbele kidogo ya hapo, ubavuni mwa ubongo, kuna eneo linaloitwa MT, ambalo wengine huliita V5. Allman na Kaas walilieleza mwaka 1971 kwa kima wa usiku wa Amerika ya Kusini, na Semir Zeki wa London alilifanyia kazi kubwa kwa kima wa Asia katika miaka hiyo hiyo. Karibu kila seli ya MT ina upande wa mwendo inaoupendelea, na dirisha lake ni pana kuliko la seli za V1 kwa kiasi cha mara kumi hivi. Rangi ya kitu haiishughulishi sana. Inachouliza ni kitu hicho kinakwenda wapi, na kwa kasi gani.

Mtu anaweza kusema kwamba seli kupiga kelele wakati wa mwendo hakuthibitishi kwamba ndiyo inayotuonesha mwendo. Pengine ni mshangiliaji tu. Jawabu lilikuja mwaka 1990, pale Salzman, Britten na Newsome walipozichochea kwa umeme kidogo seli za MT zinazopendelea upande mmoja, wakati kima anaamua wingu la nukta linaelekea wapi. Maamuzi ya kima yaliinama kuelekea upande wa seli zilizochochewa. Mshangiliaji hawezi kubadilisha matokeo ya mpira kwa namna hiyo.

Kuhusu wagonjwa, yupo mmoja anayejulikana duniani kote kwa herufi mbili tu, L.M. Zihl na wenzake waliieleza hali yake mwaka 1983. Damu iliganda katika mshipa mkubwa wa ubongo, na sehemu za nyuma za ubongo ziliharibika pande zote mbili. Mama huyu aliona rangi, alitambua vitu na aliweza kusoma, lakini hakuona mwendo. Akimimina chai, chai ilionekana kama imeganda hewani, na hakujua asimame kumimina wakati gani kwa kuwa hakuona kikombe kikijaa. Barabarani, gari ilikuwa mbali, kisha ghafla ikawa karibu, bila kuiona ikija. Mwaka 1991 Zeki aliupa upungufu huu jina la akinetopsia. Ni upungufu wa nadra mno, kwa sababu eneo hili liko pande mbili za ubongo na kiharusi cha kawaida hupiga upande mmoja.

BiMkanjuni

Ahsante sana, Maalim. Hiyo ya chai nimeifikiria hapa nikaogopa. Fikiria muuza kahawa wa barazani anavyomimina kutoka juu bila kumwaga tone, halafu apatwe na hali hiyo.

VespaNyekundu

Nimekubali kwamba jicho linaweza kufungwa na umakini ukabaki unatembea. Lakini Maalim ametueleza MT inavyofanya kazi bila kutaja umakini hata mara moja. Swali la mleta uzi ni je, umakini unaingia humo ndani, au unakaa nje ukisubiri taarifa?

MaalimBayolojia

Umenishika. Watafiti walikuwa wakigombana kuhusu jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1985 Moran na Desimone walionesha kwamba seli za eneo jingine, V4, linaloshughulikia zaidi rangi na maumbo, hubadilisha mwitikio wake kulingana na kitu ambacho kima ameambiwa akishughulikie. Kuhusu MT, wengi walidhani ni chombo cha kupimia tu, kama mizani ya sokoni isiyojua nani ananunua.

Kisha wakaja Treue na Maunsell mwaka 1996. Kima alikaza macho kwenye nukta moja. Pembeni, ndani ya dirisha la seli moja ya MT, ziliwekwa nukta mbili zinazotembea. Moja ilikwenda upande unaopendwa na seli hiyo, na nyingine ilikwenda kinyume chake. Kima alifundishwa kuifuata kwa akili nukta mojawapo tu, bila kusogeza macho, na kujibu inapobadilisha kasi. Alipoifuata nukta ya upande unaopendwa, seli ilipiga kwa nguvu. Alipoifuata ile nyingine, seli hiyo hiyo ilishuka sana, ingawa nukta inayopendwa bado ilikuwa ikitembea mbele yake vile vile. Picha haikubadilika. Ilikuwa kama seli imelipunguza dirisha lake likakizunguka kile tu kinachotakiwa, na kilichobaki kikaachwa nje.

Nadhani huo ndio uamuzi wa kesi uliyoifungua, ndugu Vespa. Umakini unaingia mpaka ndani ya chumba cha mizani na kugusa mawe ya kupimia. (Na kima hao ni makaki wa Asia. Jamaa zetu kima punju wa Jozani hawakuhusishwa, msiwe na wasiwasi.)

MvuviWaNungwi

Mimi sikusoma mambo ya seli, lakini jambo hili tunaliishi. Ukiwa kwenye ngalawa unatafuta kundi la samaki, maji yote yanatembea. Kuna wimbi la upepo, kuna mkondo, na kuna mng'ao wa jua unaochezacheza juu yake. Mgeni hutazama akaona vurugu tupu. Mzee aliyenifundisha alikuwa akiniambia, "Usitafute samaki, tafuta maji yanayokwenda kinyume na wenzake." Nilipoanza kukusudia upande ule tu, nilianza kuyaona hata yaliyo mbali na mahali ninapopatazama. Na hilo la mwisho ndilo sielewi. Kama umakini ni kuchagua pahali, mbona niliona na pale nisipopachagua?

MzawaWaWete

Sheikh wangu wa Nungwi, hujui umegusa nini. Swali lako ndilo walilolishughulikia Treue na Martínez Trujillo, na walichapisha jawabu lao mwaka 1999. Waliipima seli ya MT yenye dirisha upande mmoja wa nukta iliyokazwa macho, huku kima akishughulishwa na nukta zinazotembea upande wa pili kabisa, nje ya dirisha la seli hiyo. Kwa hesabu ya pahali, seli ile haikuwa na habari na kazi hiyo. Hata hivyo, kima alipozingatia mwendo wa upande unaopendwa na seli, mwitikio wake kwa kile kilichokuwa ndani ya dirisha lake uliongezeka, na alipozingatia mwendo wa kinyume, ulipungua.

Kwa maneno mengine, kuna umakini wa pahali na kuna umakini wa sifa. Ukikusudia "kinachokwenda kinyume", amri haipelekwi kwenye kipande kimoja cha bahari. Inapelekwa kwa seli zote zinazopendelea upande huo, popote madirisha yake yalipo. Ndiyo maana mzee wako hakukupa pahali pa kutazama, alikupa upande. Na ndivyo ilivyo ukimsubiri mtu Darajani siku ya mkesha wa Idi. Umati wote unaingia sokoni, na wewe unamtaka anayetoka. Ukishalikusudia hilo, kila anayetoka anajitokeza, hata yule wa pembeni ambaye macho yako hayajamfikia.

Lakini tusilizidishe. Mabadiliko haya ni ya kuongeza na kupunguza sauti ya seli. Seli ya upande wa tezi haigeuki kuwa ya upande wa omo kwa sababu mwenye nayo ametaka.

KarafuuKavu

Yote haya ni kima. Binadamu hafunguliwi kichwa akatiwa waya kwa ajili ya kuhesabu nukta. Tunajuaje kwamba kwetu ni hivyo hivyo?

MzawaWaWete

Kwetu hutumiwa mashine ya MRI, ambayo hufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo. Haioni seli moja moja, bali huona mtaa mzima ukichangamka au ukipoa. Mwaka 1997 O'Craven na wenzake waliwaonesha watu nukta zinazotembea zikiwa zimechanganywa na zilizotulia, wakawaambia wazingatie kundi moja, kisha jingine. Nukta zilibaki zile zile, lakini mtaa wa MT ulichangamka zaidi walipozingatia zinazotembea.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la Büchel, Friston na wenzao wa London. Watu walitazama nukta zinazotawanyika kutoka katikati kwenda nje, kama unavyoona mvua usiku ukiwa ndani ya gari inayokwenda. Katika vipindi fulani walitakiwa kutazama tu, na katika vingine waligundue badiliko dogo la kasi. Ukweli ni kwamba wakati wa kupimwa hapakuwa na badiliko lolote la kasi. Watu walitega akili wakisubiri kitu ambacho hakikuja. Na bado V5 ilichangamka zaidi, pamoja na sehemu za juu za ubongo, za utosini, ambazo hushughulika na kuelekeza umakini. Mtego wenyewe ulitosha.

Walikwenda mbali zaidi, wakauliza kama umakini unabadilisha njia ya mawasiliano baina ya maeneo. Katika makala ya mwaka 2000, Friston na Büchel walionesha kwamba athari ya eneo la V2, jirani ya V1, juu ya V5 ilikuwa kubwa zaidi watu walipozingatia mwendo, na kwamba sehemu za utosini zilihusika na ongezeko hilo. Kwa hiyo ubongo haukuongeza maji kwenye tangi. Uliufungua zaidi mfereji ule mmoja. Ninakiri kwamba hii ni hesabu iliyojengwa juu ya dhana kuhusu nani anampelekea nani habari, na dhana ikibadilika, jawabu linaweza kusogea. Kwa hiyo ninaipa uzito mdogo kuliko waya uliogusa seli.

VespaNyekundu

Sasa ngoja niwaeleze kwa nini nimeufuata uzi huu kwa ukali. Mwaka jana nilikuwa nikipita njia panda moja nikiwa kwenye vespa, mchana, jua linawaka. Dereva wa gari ndogo alisimama, akageuza uso, tukatazamana. Naapa tulitazamana. Kisha akaingia barabarani mbele yangu. Nilipona kwa michubuko, lakini kila nikimkumbuka ninakumbuka neno lake moja: "Sikukuona." Niliamini kwamba ananidanganya, na mpaka leo sijui nimsamehe au vipi. Je, inawezekana mtu akakutazama usoni asikuone?

MaalimBayolojia

Pole sana, ndugu yangu. Inawezekana, na nitakupa sababu mbili ambazo hazifanani.

Ya kwanza ni ya umakini. Rees, Frith na Lavie, mwaka 1997, waliwapa watu kazi ya maneno katikati ya picha huku nukta zikitembea pembeni bila kuhusika na kazi hiyo. Kazi ilipokuwa nyepesi, ubongo uliushughulikia mwendo wa pembeni hata bila kuombwa, na eneo la MT lilichangamka. Kazi ilipokuwa nzito, mchangamko huo ulishuka, na kiinimacho cha baadaye kikapungua. Maana yake ni kwamba akiba ya umakini ina kikomo, na kazi nzito huimaliza kabla mwendo wa pembeni haujapata fungu lake. Na hata kitu cha katikati hakina dhamana. Mnalijua lile jaribio la Simons na Chabris la mwaka 1999, la watu waliohesabu pasi za mpira, na karibu nusu yao hawakumuona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji. Tangu mwaka 2001, Strayer na wenzake wameonesha kwamba dereva anayezungumza na simu huzikosa ishara za barabarani, na kushika au kutoshika simu mkononi hakuleti tofauti kubwa, kwa kuwa kinachoshikwa ni akili. Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakusema lolote kuhusu kilicho nyuma ya macho.

Sababu ya pili haihusu umakini, na ninaona watu huisahau. Chombo kinachokujia moja kwa moja hakisogei pembeni kwenye retina; kinachofanya ni kupanuka. Na picha yake haiongezeki maradufu mpaka umbali upungue nusu. Kutoka mita 80 hadi 40 picha imekua maradufu mara moja, na kutoka 40 hadi 20 mara moja tena, lakini safari hii kwa nusu ya muda. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya safari picha hukua polepole, kisha hulipuka mwishoni. Zipo seli jirani na MT, katika eneo la MST, zinazopendelea mpanuko wa namna hii, lakini nazo zinahitaji kitu cha kupima. Vespa ni nyembamba, na ikiwa mbali inakuwa nukta tu, isiyoonekana kutembea. Umakini huongeza sauti ya ishara iliyopo. Ishara ambayo haijafika, hauwezi kuiumba.

Kwa hiyo dereva yule anaweza kuwa alisema kweli. Hilo halimwondolei wajibu wa kutazama mara ya pili.

VespaNyekundu

Mara ya pili, ndiyo. Ningependa kuamini hivyo. Ahsante, Maalim.

KarafuuKavu

Swali dogo, kisha niondoke. Kwetu kwenye mchezo wa ng'ombe, mchezaji hodari anaonekana kuyajua yote kwa pamoja: pembe, miguu ya ng'ombe, kamba, na watu waliomzunguka. Je, huyo ana akiba kubwa kuliko sisi?

MaalimBayolojia

Kuhusu kufuatilia vitu kadhaa vinavyotembea kwa wakati mmoja, kazi iliyoanzisha mjadala ni ya Pylyshyn na Storm, ya mwaka 1988. Mtu wa kawaida huweza kufuatilia vitu vinne hivi miongoni mwa vingi vinavyofanana, na vikizidi hapo huanza kuvipoteza. Mchezaji wako ameshataja vinne, kwa hiyo yumo kwenye kiwango. Nadhani ujuzi wake ni wa kujua vipi vinne vya kufuata.

MvuviWaNungwi

Na cha tano kikitokea nyuma yake, ndipo watu wanapocheka.

MzawaWaWete

Nimerudi na taarifa, kwa sababu niliahidi nafsi yangu kwamba sitauacha uzi huu ukae juu ya tukio moja tu. Katika safari ya kurudi kutoka Mkoani nilimuomba binamu tufanye tena, safari hii kwa utaratibu. Kwanza akaze macho kwenye nati moja bila kuwaza lolote, kisha atazame sakafu, nami nipime kwa saa ya simu mpaka sakafu itulie. Kisha arudie hivyo hivyo huku akihesabu kurudi nyuma kutoka 300 kwa kutoa saba saba kwa sauti, ili nimsikie. Mimi nilisimama mbele yake nikiyatazama macho yake, jambo lililowashangaza abiria wengine kiasi cha haja.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda kama vitabu vinavyosema. Alipokuwa hahesabu, sakafu ilimtelezea waziwazi, na alipohesabu, ilimtelezea kwa muda mfupi zaidi. Mzunguko wa pili haukufaa kitu. Tulishafika mahali penye mawimbi ya kusi, boti ikawa inapanda na kushuka, na hapakuwa na sakafu iliyotulia ya kuitazama. Tena nimegundua kasoro ya mpango wangu mwenyewe: alikuwa akijua ninachokitarajia, na kazi ya kutoa saba saba ni ya kichwani na mdomoni, si ya macho kama herufi za Chaudhuri, kwa hiyo mambo mawili niliyoyalinganisha si ndugu wa baba mmoja. Nitarudia nyumbani kwa pangaboi, likizungushwa kwa kasi ndogo kabisa, na karatasi ya herufi ibandikwe katikati yake.

Ila kuna jambo sikulitarajia. Tulipokuwa tunateremka Malindi, nilimuuliza kuhusu ile hesabu ya mabati aliyoipiga siku ya kwanza. Akacheka, akasema fundi ameshampigia simu kumwambia kwamba mabati yamepungua mawili. Kumbe na yeye siku ile, katikati ya hesabu, kila baada ya muda alikuwa akiyachungulia maji.